Vipande 51 vya sehemu: miezi mitatu na binti yangu wa Darasa la Nne

Kila mteja anayeingia kibandani kwangu siku hizi ananiuliza vile vipande vya rangi vilivyo pembeni ya cherehani ni vya nini. Mmoja alidhani ni vifungo vya koti. Ni vya hesabu, ni vya binti yangu. Yuko Darasa la Nne, shule ya serikali hapa Tanga, na huu ni mwezi wa tatu tunavitumia kufanyia mazoezi ya sehemu: kutafuta sehemu zilizo sawa, na kulinganisha ipi kubwa na ipi ndogo. Wazazi wenzangu wananiuliza bei, wananiuliza kama vinasaidia kweli au ni mchezo tu wa watoto. Naandika hapa yote niliyoyaona, mazuri na kasoro zake.

Ni seti ya vipande bapa vya plastiki, upana wake kama inchi moja, vimekuja ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu. Kuna kipande kimoja kirefu chekundu kilichoandikwa 1, hicho ndicho kizima. Halafu nusu mbili za waridi, theluthi tatu za rangi ya chungwa, robo nne za njano, vitano vya 1/5 vya kijani, sita vya 1/6, vinane vya 1/8 vya buluu, kumi vya 1/10 vya zambarau, na kumi na viwili vyeusi vya 1/12. Jumla 51. Ukivipanga kila rangi mstari wake, unapata mistari tisa yenye urefu mmoja. Kizima nilikipima kwa futi yangu, kikatoka inchi 9 kamili, na hapo nikajua tutaelewana, kwa sababu inchi 9 ni robo yadi. Kila kipande kikawa na kipimo ambacho mkono wangu unakijua: theluthi ni inchi 3, 1/6 ni inchi moja na nusu, 1/12 ni robo tatu ya inchi.

Nililipa shilingi 20,000 kwa duka moja la Dar es Salaam linalouza vifaa vya shule kwa simu, na 5,000 ya kutumiwa kwenye basi. Si hela ndogo. Kwangu mimi ni mishono miwili ya sketi za shule.

Kilichonifanya nizitoe ni swali moja kwenye daftari. Mwezi wa Februari binti yangu alirudi na zoezi lina alama za mkasi nyingi, na moja ilikuwa hii: 3/4 na 6/8, je, ni sawa? Ameandika, "Hapana, 6/8 ni kubwa." Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayenieleza jambo lililo wazi: "Mama, hizi sehemu tatu, hizi sehemu sita. Zitakuwaje sawa?"

Nililala na lile jibu. Kesho yake nikiwa nakata kitambaa ndipo likanikaa sawa. Mtoto hakukosea Kiswahili. Sisi wenyewe tunaita 3/4 "sehemu", na kile kipande kimoja kimoja nacho tunakiita "sehemu". Gawa mkate sehemu nne, chukua sehemu tatu. Basi anaposikia sita na tatu, anahesabu, na sita ni nyingi kuliko tatu tangu alipokuwa chekechea. Tangu siku ile nyumbani kwetu tumewekeana sheria. Vya kuhesabu ni vipande. Sehemu ni ile yote kwa pamoja, ya juu na ya chini. Namba ya juu, ambayo shuleni wanaiita kiasi, inakwambia umechukua vipande vingapi. Ya chini, asili, inakwambia kizima kilikatwa vipande vingapi. Vipande vinaweza kuzidi na sehemu ikabaki ileile. Kama una mtoto anayesoma hesabu kwa Kiswahili na sehemu zinamkataa, jaribu hilo kwanza kabla hujanunua chochote. Halina gharama.

Kabla ya vipande hivi nilijaribu kitabu cha mazoezi cha kununua. Kilimfundisha kanuni: zidisha juu na chini kwa namba ileile. Akaishika siku hiyohiyo. Ukimwandikia 2/3 = □/12, anajaza 8 kabla hujaweka kalamu chini. Nilifurahi wiki nzima. Siku moja ninakata mkate wa kumimina nikamwuliza, "Nikukatie 2/3 ya mkate huu, au 8/12 yake?" Akasema 8/12, maana ndiyo nyingi. Ni mtoto yuleyule aliyejaza kisanduku juzi. Alijua kukijaza, hakujua amejaza nini. Nilijaribu pia programu moja ya simu, ilimpa nyota na makofi na ikamaliza bando langu. Sina zaidi la kusema juu yake.

Sasa niseme vipande vinafanya nini ambacho kanuni haikufanya.

Jioni ya kwanza nilimpa robo nne za njano na vile vinane vya buluu, nikamwambia aweke robo tatu mstari mmoja, na chini yake vipande sita vya buluu. Akaviweka, akavisukuma kwa kiganja vikabanana kwenye rula, akatazama mwisho wa mstari. Vimeishia mahali pamoja. Akavipangua akavipanga tena, akidhani amekosea kuhesabu. Mara ya tatu akasema taratibu, "Vya buluu ni vingi lakini ni vifupi." Sikuongeza neno. Nilichukua ukanda wa kitambaa, nikaukunja ukawa vipande vinne vilivyo sawa, nikaukata, nikampa vitatu. Halafu kila kipande nikakikata katikati. Nikamwuliza, kitambaa kimeongezeka? Hapana. Vipande? Vimekuwa sita. Na kizima kingekuwa vipande vingapi? Vinane. Hapo ndipo ile kanuni ya kitabu ikapata maana yake: kuzidisha juu na chini kwa 2 ni kukipitisha mkasi kila kipande katikati. Umezidisha vipande ulivyonavyo, na umezidisha vipande vya kizima, kwa sababu mkasi umepita kote. Kitambaa ni kilekile.

Kuna jambo moja la matumizi ambalo halikuandikwa popote kwenye ule mfuko, na nadhani ndilo muhimu kuliko yote. Geuza vipande, upande wenye namba uangalie chini. Nyuma havina maandishi. Wiki ya kwanza binti yangu alikuwa anasoma namba na kujibu kwa kukariri, wala hatazami urefu. Nilipovigeuza, akalazimika kuvitumia kama navyotumia futi. "Nitafutie rangi zote zinazoweza kujaza nafasi ya nusu moja ya waridi bila kupungua wala kuzidi." Akapata robo mbili, 1/6 tatu, 1/8 nne, 1/10 tano, 1/12 sita. Akajaribu theluthi, ikakataa: moja ni fupi, mbili zimezidi. Akajaribu 1/5, ikakataa. Ndipo akavigeuza kusoma namba, akaandika kwenye daftari 1/2 = 2/4 = 3/6 = 4/8 = 5/10 = 6/12, akakaa anaitazama. "Mama, ya chini kila mara ni mara mbili ya ya juu." Kisha mwenyewe akasema kwa nini theluthi na 1/5 zilikataa: tatu na tano hazigawanyiki kwa mbili. Hilo sikumfundisha.

Kulinganisha kulichukua muda zaidi, na hapa nataka nieleze kwa kirefu kwa sababu makosa yake yalikuja kwa zamu, na naamini watoto wengi wanapita njia hiyohiyo.

Kosa la kwanza ni lile linalojulikana: 1/8 ni kubwa kuliko 1/6, kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 6. Vipande vililimaliza kwa dakika mbili. Lakini baada ya hapo akajitengenezea sheria yake, kwamba asili ikiwa kubwa basi sehemu ni ndogo, na akaitumia kila mahali. 7/8 na 3/4, akasema 7/8 ni ndogo kwa sababu 8 ni kubwa. Sheria hiyo inafaa tu pale namba za juu zinapolingana. Nikampangia 2/5, 2/8 na 2/12, akaona inafanya kazi; nikampangia 7/8 na 3/4, akaona imevunjika. Tukaandika kwenye daftari lini inafaa na lini haifai.

Kosa la tatu ndilo lililonishangaza. 5/6 na 7/8, akasema ni sawa. Hoja yake ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba mimi mwenyewe nilisita: "Hii imebaki kimoja kujaa, na hii imebaki kimoja kujaa." Kimoja na kimoja. Tena ni lile tatizo la kuhesabu vipande badala ya kupima. Nilimwambia apange zote mbili chini ya kile chekundu, asitazame vilivyopo, atazame pengo lililobaki. Pengo la kwanza lilimeza kipande cha 1/6. La pili lilimeza cha 1/8. Akachukua vile vipande viwili akavisimamisha pamoja mkononi, na uso wake ukabadilika. Kilichopungukiwa kidogo ndicho kikubwa. Kuanzia siku hiyo ukimwuliza 9/10 na 11/12 hahitaji hata kugusa vipande, anakwambia 11/12 imekaribia zaidi kizima kwa sababu pengo lake ni jembamba. Hii ndiyo faida ninayoipigia debe. Vipande vilimpa picha, na picha imebaki kichwani baada ya vipande kurudi mfukoni.

Njia ya nusu nayo tuliipata hapo hapo. 3/8 na 7/12: ile ya kwanza haijafika nusu, ya pili imepita nusu, basi kazi imekwisha, hakuna haja ya kuzidisha kitu. Shuleni wanafundishwa kuzidisha mshazari, juu ya huku kwa chini ya kule, na jibu linatoka sahihi. Siipingi, inaokoa muda kwenye mtihani, na mwisho wa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Lakini mtoto anayezidisha mshazari bila kujua nusu iko wapi, akikosea jedwali lake la nane hana kitu cha kumshtua kwamba jibu haliwezekani. Binti yangu sasa anakadiria kwanza, ndipo anazidisha.

Baba yangu anatutembelea Ijumaa baada ya swala. Siku moja amekuta meza imejaa rangi. "Shikamoo babu." "Marahaba mke wangu, unauza nini hapo?" Akaelezwa. Mzee alisoma elimu ya mirathi zamani, na watu wa mtaani bado wanamfuata kumwuliza. Akavuta kiti. Akamwambia mjukuu wake kwamba mafungu ya mirathi yaliyotajwa kwenye Qur'ani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Binti akakuta anayo yote mezani, isipokuwa majina mawili hakuyajua. Thumuni ni kile cha buluu, 1/8. Sudusi ni 1/6.

Babu akampa masuala. Mtu amefariki, ameacha mke, mama yake na mtoto wa kiume. Mke, kwa kuwa yupo mtoto, anapata thumuni. Mama anapata sudusi. Kinachobaki ni cha mtoto. Nani kapata zaidi, mke au mama? Binti akaweka kipande cha buluu na cha 1/6 sambamba, akasema mama. Zaidi kwa kiasi gani? Hapo vipande vikanyamaza, kwa sababu tofauti ya 1/6 na 1/8 haina rangi yake kwenye seti. Babu akamwambia tafuta namba ndogo kabisa ambayo inagawanyika kwa sita na pia kwa nane. Akahesabu kwa vidole, kwa sita, kwa nane, akafika 24. "Hiyo ndiyo asili ya masuala," akasema babu, na mtoto akaruka: "Babu, hata sisi ya chini tunaiita asili!" Mke 3/24, mama 4/24, mtoto 17/24. Shuleni wanaiita kigawe kidogo cha shirika, K.D.S., na alikuwa anaiona kama adhabu. Siku ile aliiona kama chombo: unaitafuta pale vipande vyako vinapokuwa vya ukubwa tofauti na unataka vyote vikatwe kwa kipimo kimoja. Babu hakuishia hapo, akamfundisha na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kisaga basi ni 1/2 ya pishi, na ni 2/4 yake, na bibi zetu walipima nafaka kwa hesabu hiyo bila kuandika mstari wa katikati.

Sasa kasoro, maana zipo na nyingine ni za kuudhi.

Mfuko ulipofika ulikuwa na vipande 51, lakini si vile 51. Vya zambarau vilikuwa tisa badala ya kumi, na vya buluu vilikuwa tisa badala ya vinane. Nilimpigia muuzaji siku hiyohiyo. Aliniambia jumla imetimia, na mali ikishauzwa hairudi. Jumla imetimia! Kwa vifungo ningenyamaza, lakini hiki ni kifaa ambacho maana yake yote ni kwamba kumi vya 1/10 vinajaza kizima. Mtoto anayepanga vyote alivyopewa akaona havifiki mwisho anajifunza uongo. Na vile tisa vya buluu vinapita kizima. Ilibidi nikate kipande cha zambarau kutoka kwenye gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, nikakipaka rangi. Muuzaji huyo sirudi kwake.

Kasoro ya pili ni ya kifaa chenyewe. Vipande haviumani, na plastiki ina kingo za mviringo kidogo, kwa hiyo vidogo vikiwa vingi vinaacha vijinafasi katikati. Kumi na viwili vyeusi ukivipanga bila kuvibana vinapita kile chekundu kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Binti yangu aliniambia siku ya pili kwamba 12/12 ni kubwa kuliko 1. Usilipuuze hilo likitokea. Tulitumia rula ya chuma kama ukuta, tukavibana kutoka pande zote mbili, na nikamweleza kwamba nafasi si plastiki. Vilevile vinateleza juu ya meza ya mbao. Mimi natandika kipande cha flano chini na vinatulia.

Nafasi hizo ndizo zilizoleta kosa moja kubwa. 7/12 na 3/5. Alizipanga akasema ni sawa, na kwa macho ni kweli huoni tofauti. Lakini K.D.S. ya 12 na 5 ni 60. Ile ya kwanza ni 35/60 na ya pili 36/60. 3/5 imezidi kwa 1/60, ambayo kwenye kizima cha inchi 9 haifiki hata robo ya inchi, na vile vijinafasi vinaimeza. Nilifurahi kwamba limetokea tukiwa pamoja. Jicho lina mwisho wake, na pale linapoishia ndipo namba zinapoanza kazi. Seti hii inafaa kuanzia, na inafaa kukagua jibu, lakini kwa sehemu zinazokaribiana sana usimwachie mtoto aamue kwa kutazama.

Kisha hakuna 1/7 wala 1/9. Kitabu cha shule kinazo, mtihani unazo. Za 1/9 ni rahisi kwa seti hii, kila kipande ni inchi moja; nilikata gamu tisa kwa dakika chache. Za 1/7 nilizipata kwa njia ninayotumia kupangia nafasi za vifungo. Chukua ukanda wa inchi 9, uulaze kimshazari juu ya kaunta buku kubwa la mistari, ncha moja iguse mstari wa kwanza, nyingine iguse mstari wa kumi na tano. Weka alama kila mstari wa pili unapokatiza ukanda. Unapata vipande saba vilivyo sawa kabisa bila kugawanya 9 kwa 7. Binti yangu aliifurahia njia hii kuliko seti yenyewe, na alitaka kujua kwa nini inafanya kazi. Nilimwambia mistari ya daftari imeachana sawasawa, basi na ukanda unakatwa sawasawa hata ukilala kimshazari.

Wengine wataniuliza kuhusu seti za duara, zile zinazofanana na mkate uliokatwa. Jirani yangu anayo. Ile inaonyesha vizuri kizima na pengo lake, ila 1/5 na 1/6 kwenye duara ni vigumu kuzitofautisha mpaka uzilaze moja juu ya nyingine, na mtoto hawezi kuzipanga mstari kama kwenye futi. Na tahadhari: usichanganye seti mbili. Binti yangu alileta nusu ya duara la jirani akailinganisha na nusu yetu. Nilimtolea mita na yadi. Robo yadi ni inchi 9, robo mita ni sentimita 25, karibu inchi 10. Zote ni robo, hazilingani, kwa sababu vizima vyake havilingani. Mteja akikwambia niongezee robo, lazima umwulize robo ya nini. Kulinganisha sehemu kunahitaji kizima kimoja, na hilo mazoezi mengi hayalisemi.

Mwalimu wake alivipenda akaomba aende navyo siku moja. Darasa lina watoto wengi, seti moja haiwafikii, kwa hiyo Jumamosi moja nilikata karatasi za manila kwa vipimo vilevile, kila rangi ukanda wake, seti kumi. Manila za rangi tisa hazikunifikisha hata nusu ya bei ya plastiki. Zinakunjika pembe baada ya wiki mbili na zinalowa jasho, lakini zinafundisha jambo lilelile, na kwa upande mmoja zinashinda: mtoto anaweza kuzikata mwenyewe, na kukata ndiko kunakoeleza kwa nini juu na chini vinazidishwa pamoja. Kama huna 20,000, anza na manila na mkasi. Kwa vitabu, Taasisi ya Elimu wameweka vya shule kwenye Maktaba Mtandao yao na kuvisoma ni bure, kwa hiyo mazoezi hayakosekani.

Ukiniuliza kama ningenunua tena, ningenunua, kwa duka jingine. Vya plastiki vinadumu, namba hazijafutika, na mdogo wake wa Darasa la Kwanza ameshaanza kujengea navyo nyumba na kuniambia mbili za njano ni moja ya waridi. Ila ukipelekewa, usilipe kabla hujafungua mfuko. Usihesabu jumla. Hesabu kila rangi peke yake: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12.